Kasongo na Kabambare: Historia iko nje ya darasa, watoto waende kuitafuta

Kusini mwa mkoa wa Maniema, mtoto anaweza kumaliza mwaka wa sita wa shule ya msingi akijua vizuri tarehe ya uhuru wa inchi na majina ya marais, lakini bila kuambiwa hata siku moja kwa nini kule Kasongo kuna mahali panapoitwa Tongoni. Jina hilo peke yake ni somo zima. Tongo ni mahali watu walipokaa kisha wakapahama, pakabaki miti ya matunda, vigae vya vyungu na alama za nyumba. Na Tongoni ndipo ulipokuwa mji wa Kasongo wa zamani, mji uliojulikana toka Zanzibar hadi Ulaya kabla ya inchi hii kuitwa Kongo.

Walimu wa Kasongo na wenzao wa Kabambare wako na bahati ambayo shule nyingi za Kinshasa au Lubumbashi hazina: mambo makubwa ya karne ya 19 yalitokea kwenye ardhi ambayo watoto wao wanaikanyaga kila siku. Bahati hiyo iko na mzigo wake pia. Historia ya pale ni historia ya biashara ya watumwa na pembe, ya vita na ya ukoloni, na wajukuu wa watu wa kila upande wanakaa leo kwenye benchi moja. Ndiyo maana somo hili linahitaji kitu zaidi ya maandishi mawili matatu ya Kifaransa kwenye ubao mweusi.

Mji uliokuwa na jina kubwa

Hamed bin Muhammed el-Murjebi, ambaye watu walimwita Tippu Tip, alizaliwa Zanzibar mnamo mwaka 1837. Karibu na mwaka 1875 aliifanya Kasongo kuwa makao yake makuu. Toka hapo watu wake walikusanya pembe za ndovu na kukamata watu katika sehemu kubwa ya bonde la Lualaba. Hata alipokwenda mbali, mwanawe Sefu alibaki na nguvu mjini.

Mwaka 1887 kulitokea jambo ambalo watoto wa mwaka wa sita wanaweza kulijadili kwa muda mrefu. Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, aliyekuwa akijitangaza mbele ya dunia kuwa adui wa biashara ya watumwa, alimpa Tippu Tip kazi ya kuwa liwali wa Stanley Falls, Kisangani ya leo. Miaka mitano baadaye, mwaka 1892, urafiki huo ulikuwa umekwisha, na vita vikaanza kati ya jeshi la Leopold na wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili. Jeshi hilo, likiongozwa na Francis Dhanis, liliingia Nyangwe mwezi wa tatu 1893 na Kasongo mwezi wa ine mwaka ule ule. Kabambare ilianguka mwanzoni mwa mwaka 1894.

Daktari Sidney Hinde, aliyekuwa pamoja na jeshi hilo, alitoa kitabu mwaka 1897. Ndani yake anashangaa namna Kasongo ilivyokuwa na mali: mashamba makubwa, miti ya matunda, vitanda vya kuchongwa na magodoro ya hariri ambayo askari wa kawaida walilalia. Mji ule haukurudi tena kuwa kama zamani. Kasongo ya leo iko mahali pengine, na ule wa zamani ukabaki tongo.

Mambo haya mtoto akiyasikia akiwa amekaa darasani, yanabaki majina na tarehe. Akipelekwa Tongoni, akaonyeshwa miembe ya zamani na kuulizwa ni nani aliyeipanda na kwa nini imesimama kwa mstari, anaanza kuuliza mwenyewe. Hapo ndipo historia inapoanza.

Wino wa majani na gazeti kuukuu

Kabambare nayo iko na hadithi yake ambayo ingefaa kila mtoto wa pale aijue. Katikati ya mwaka 1870, msafiri David Livingstone alifika huko na kukwama hadi mwanzo wa 1871. Katika maandishi yake anapaita Bambarre. Miguu yake ilikuwa na vidonda, hakuweza kutembea. Akiwa Maniema, karatasi zilimwishia na wino pia. Basi akaanza kuandika juu ya kurasa za gazeti la Uingereza la mwaka 1869, akikatisha mistari iliyochapwa, kwa wino aliotengeneza kutokana na mimea ya huko.

Wino huo ulififia. Kwa zaidi ya miaka 100 sehemu kubwa ya maandishi hayo haikusomeka. Mwaka 2011 watafiti walitangaza kwamba wamefaulu kuyasoma tena kwa kuyapiga picha kwa mianga ya namna mbalimbali, ambayo inaonyesha kile jicho haliwezi kuona.

Mwalimu hahitaji mashine yoyote ili kufundisha jambo hili. Anahitaji mkaa uliosagwa, maji ya majani au matunda yanayoacha doa kwenye nguo, vijiti vilivyochongwa na kipande cha gazeti kuukuu. Kila mtoto anaandika sentensi tatu juu ya siku yake, akikatisha maandishi ya gazeti. Kurasa zinaanikwa kwa juma moja, kisha wanabadilishana. Nani anaweza kusoma ya mwenzake? Ni maneno gani yamepotea? Je, aliyesoma amebuni neno pale alipokosa kuona?

Kwa saa moja na nusu hivi, watoto wanakuwa wameelewa kitu ambacho wanafunzi wa chuo kikuu wanafundishwa kwa maneno makubwa: kwamba habari za zamani zinatufikia zikiwa na matundu, na kwamba anayeziba tundu kwa kubuni anapaswa kusema kwamba amebuni.

Njia ya Zanzibar katika uwanja wa shule

Somo la pili linafanyika uwanjani, kwa mawe na kamba. Jiwe la kwanza ni Zanzibar, la pili Bagamoyo, la tatu Tabora, la ine Ujiji. Kisha Ziwa Tanganyika, halafu Kabambare, Kasongo, na mwisho Nyangwe kwenye ukingo wa Lualaba. Kama hatua moja ni kilomita 100, toka Bagamoyo hadi Ujiji ni hatua 12 hivi, kwa sababu njia hiyo ilikuwa na karibu kilomita 1,200. Ziwa lenyewe ni nusu hatua. Toka Ujiji hadi Nyangwe ni kama hatua ine kwa mstari ulionyooka, na misafara haikutembea kwa mstari ulionyooka.

Hapo somo la hesabu linaingia bila kualikwa. Kama msafara unatembea kilomita 15 kwa siku, utachukua siku ngapi toka Ujiji hadi Bagamoyo? Jibu ni siku 80, bila kuhesabu siku za mvua, za homa na za kupumzika. Mtoto anayebeba kila asubuhi ndoo ya maji ya litri kumi toka kisimani anaelewa haraka maana ya kubeba pembe begani kwa siku 80.

Tanzania imekwisha kufanya hatua moja juu ya njia hii. Tangu mwaka 2006, njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe, toka Bagamoyo hadi Ujiji, iko kwenye orodha ya mahali ambapo inchi hiyo inafikiri kuomba UNESCO ipatambue kama urithi wa dunia. Orodha hiyo inaishia kwenye ziwa, kwa kuwa ni orodha ya Tanzania. Lakini biashara yenyewe haikuishia hapo. Wengi kati ya waliotembea njia hiyo walianzia upande huu wa ziwa, Maniema.

Alama zao bado ziko. Kule Ujiji, Tabora na Dar es Salaam wako watu wanaoitwa Wamanyema mpaka leo, na katika mtaa wa Kariakoo, Dar es Salaam, uko Msikiti wa Manyema. Mtoto wa Kabambare akijua kwamba jina la mkoa wake limeandikwa kwenye msikiti wa mji ulio kando ya bahari, ramani ya Afrika inabadilika machoni pake.

Kinywani na kwenye sahani

Kuna ushahidi mwingine ambao hauhitaji hata kutoka nje: lugha. Kiswahili kilifika Maniema kwa njia ya misafara hiyo, na kwa muda mrefu kiliitwa Kingwana, yaani lugha ya wangwana, watu waliojihesabu kuwa huru na kufuata desturi za pwani. Leo ni moja kati ya lugha ine za taifa zinazotajwa katika katiba ya mwaka 2006.

Watoto wanaweza kutumwa nyumbani kukusanya maneno: yale wanayoyasikia kwa bibi zao katika Kikusu, Kizimba au Kibangubangu, na yale ya Kiswahili yanayofanana au yasiyofanana. Wakirudi, wanayapanga ubaoni. Vyakula vipi viko na jina la Kiswahili tu? Kwa nini? Mchele, ambao unalimwa sana Kasongo na Kibombo, ulienea mashariki mwa Kongo pamoja na watu wa misafara. Sahani ya wali ya siku ya sikukuu ni kipande cha historia pia.

Tippu Tip mwenyewe aliacha maisha yake katika Kiswahili. Yalichapwa na Mjerumani Heinrich Brode mwaka 1902 na 1903, na ni kati ya vitabu vya kwanza katika lugha hii ambamo mtu anasimulia maisha yake mwenyewe. Watoto wa Kasongo wanaweza kusomewa na mwalimu maneno ya mtu huyo bila mkalimani. Lakini baada ya kumsikia, swali la mwalimu linabaki lile lile: Huyu anayesimulia ni mwenye bunduki. Yule aliyefungwa kamba angesimulia namna gani?

Sheria ya elimu namba 14/004 ya tarehe 11 mwezi wa pili 2014 inakubali lugha za taifa na za mazingira kutumiwa katika kufundisha. Kwa hiyo mwalimu anayeeleza historia katika Kiswahili havunji sheria yoyote. Kifaransa cha mtihani kitakuja, lakini mtoto hawezi kuandika vizuri katika Kifaransa jambo ambalo hakulielewa katika lugha yoyote.

Jambo lililo gumu

Tarehe 15 mwezi wa saba 1871, Livingstone alikuwa Nyangwe, siku ya soko. Karibu watu 1,500 walikuwa wamekusanyika, wengi wao wanawake waliokuja kuuza chakula. Watu wenye bunduki walianza kuwapiga risasi. Wengi walikimbilia Lualaba, wakazama. Hesabu iliyotolewa wakati ule ilikuwa kati ya watu 330 na 400 waliokufa. Habari hiyo ilipofika Ulaya ilisaidia kusukuma Uingereza kumbana Sultani wa Zanzibar, na soko la watumwa la Zanzibar likafungwa mwaka 1873.

Namna gani mwalimu anamweleza mtoto wa miaka kumi jambo kama hili? Wengine wanaona ni heri kunyamaza. Lakini kimya hakibaki kitupu. Mtoto anayajua maneno kama mtumwa, mgeni au mwarabu kwanza kama matusi ya njiani, kabla ya kuyajua kama maneno ya historia. Asipofundishwa na mwalimu, atafundishwa na mwenye hasira.

Wanaofundisha historia ya utumwa katika inchi mbalimbali wanakubaliana juu ya kanuni moja: watoto wasiigizwe kuwa watumwa na mabwana. Kumfunga mtoto kamba mbele ya wenzake, hata kwa mchezo, kunamwaibisha mmoja na kumpa mwingine ladha ya ukali. Mchezo unaofaa ni mwingine. Watoto waigize soko lenyewe kabla ya bunduki: nani aliuza samaki, nani vyungu, nani mafuta ya mawese, walibadilishana namna gani, walisalimiana kwa lugha gani. Kisha mwalimu anasimamisha mchezo na kueleza kwa maneno machache yaliyotokea. Mtoto aliyekuwa akiuza vyungu atajua ni nini kilichopotea siku ile.

Tena kuna somo la kulinganisha. Watafiti waliosoma upya kurasa za gazeti waliona kwamba Livingstone, alipoandika habari ya Nyangwe kwa mara ya pili katika daftari lake safi, alibadilisha mambo kadhaa. Mtu mmoja, siku moja, maelezo mawili. Kila darasa linaweza kufanya vile: watoto wanaandika juu ya ugomvi uliotokea uwanjani asubuhi, kisha wanaandika tena juma linalofuata. Tofauti zitawachekesha, na zitawafundisha.

Ushindi wa mwaka 1893 na 1894 pia unahitaji macho mawili. Kule Brussels, katika bustani ya Cinquantenaire, kuna mnara wa mwaka 1921 unaosifu ushujaa wa askari wa Kibelgiji kwa kumwangamiza Mwarabu mwenye kuuza watumwa. Maneno hayo yamegombaniwa kwa miaka mingi, na neno Mwarabu limewahi kufutwa kwenye jiwe. Mnara hausemi kwamba askari wengi wa jeshi lile walikuwa Waafrika. Hausemi habari za Gongo Lutete, aliyekuwa mtu wa Tippu Tip, akahamia upande wa Wabelgiji, akawasaidia kushinda, kisha akapigwa risasi kwa hukumu ya maofisa wao mwezi wa tisa 1893. Wala hausemi kwamba baada ya watumwa kulikuja kazi ya nguvu ya mpira chini ya Leopold.

Mambo haya yanagusa hata shule zenyewe. Kasongo ni makao ya jimbo la Kanisa Katoliki tangu mwaka 1959, na ni kati ya miji mikubwa ya Uislamu katika Kongo. Wakati wa ukoloni, shule karibu zote zilikuwa mikononi mwa misheni, na watoto wengi wa Waislamu walibaki na madrasa peke yake. Leo ziko shule za Wakatoliki, za Waprotestanti, za Waislamu na za serkali katika mji mmoja. Kama kila moja inafundisha historia ya upande wake tu, watoto wa mtaa mmoja watakua na historia tatu zisizosalimiana. Matembezi ya Tongoni yanayofanywa na shule mbili za dini mbalimbali kwa siku moja yanaweza kufanya kazi ambayo mikutano mingi ya amani haifanyi.

Watafiti wamefika, shule zifuate

Katika miaka ya karibuni, watafiti wa akiolojia kutoka Kongo na Ubelgiji, akiwemo Noemie Arazi, wamefanya kazi Maniema juu ya makao ya Waarabu na Waswahili. Walichunguza ardhi, na waliwasikiliza pia wenyeji juu ya kumbukumbu zao. Mwaka 2020 walichapisha habari ya kazi hiyo katika jarida la Antiquity la Uingereza.

Ni jambo jema, ila jarida la Kiingereza halifiki katika darasa la Kabambare. UNESCO nayo, ambayo ilitoa Historia Kuu ya Afrika katika vitabu vinane, ilianza mwaka 2009 mpango wa kuileta katika mafundisho ya shule. Kati ya kazi hizo kubwa na mtoto mwenye daftari moja, anayebaki kuwa daraja ni mwalimu.

Na mwalimu huyo hana kazi rahisi. Tangu masomo ya msingi yalipofanywa kuwa bure mwezi wa tisa 2019, kama katiba ilivyoagiza, vyumba vya masomo vimejaa. Vitabu havitoshi. Upande wa Kabambare, hasa Salamabila karibu na machimbo ya dhahabu ya Namoya, mapigano ya makundi yenye silaha yamewakimbiza watu mara kwa mara, na machimbo yenyewe yanawavuta watoto kuacha shule. Si kila juma mtu anaweza kupeleka watoto 60 kutembea njiani.

Kwa hiyo mambo yaanze kidogo. Kabla ya matembezi, direkta wa shule anaongea na mkubwa wa kijiji na wazazi. Watoto wanagawanywa kwa makundi ya sita au saba, kila kundi na swali moja. Hawaokoti vigae wala shanga. Wanavichora mahali vilipo na kuviacha, kwa sababu kitu kikiondolewa mahali pake kinapoteza nusu ya habari yake. Mahali ambapo usalama hauruhusu kutoka, mzee anaalikwa shuleni.

Mzee naye asiachwe aseme peke yake kwa saa mbili mpaka watoto walale. Wanamwandalia maswali matano. Nani alimwambia habari hiyo? Mtu huyo aliiona kwa macho au alisikia? Jina la mto huu lilikuwa nani zamani? Mmoja anaandika, mwingine anachora, na mwisho wa mwaka madaftari hayo yanawekwa katika ofisi ya shule, yakiwa na jina la kijiji na tarehe.

Kazi hiyo haiwezi kungoja sana. Mtu aliyezaliwa mwaka 1940 Kasongo aliweza kumsikia babu yake aliyeona kwa macho mji wa Sefu na kuingia kwa Dhanis. Leo mtu huyo amepita miaka 80. Mtoto wa mwaka wa ine wa msingi akimuuliza sasa, historia ya mwaka 1893 itakuwa imepita vinywa viwili tu kufika kwenye daftari lake. Mtoto huyo akiisha kuwa mtu mzima, hakutakuwa tena na wa kumuuliza.